Mwalo wa Kibirizi ndani ya boksi: namna ya kuwafundisha watoto maneno ya Kifaransa kwa VR

Ninafundisha Kifaransa watoto wa darasa la tatu hadi la sita, jioni baada ya masomo ya kawaida, hapa Kigoma mjini. Mtu akisikia kwamba natumia miwani ya VR, yaani uhalisia pepe unaomfanya mtu ajione yuko mahali pengine, swali lake la kwanza huwa lilelile: "Kwa hiyo, Madamu, unawapeleka Paris?" Siwapeleki Paris. Nawapeleka Kibirizi, mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, mahali ambapo wengi wao walikuwa Jumamosi na mama zao wakinunua dagaa.

Nalisema hili kabla sijagusa habari za vifaa kwa sababu ndilo linaloamua kama boksi lako, yaani kasha lenye lenzi mbili unalotia simu ndani na kulishika machoni badala ya miwani ya bei, litafundisha au litaburudisha tu. Mchukue mtoto, mvalishe miwani, msimamishe mbele ya Mnara wa Eiffel, halafu mtajie maneno manane ambayo hajawahi kuyasikia. Atautazama mnara. Hata mimi ningeutazama. Ukimvua na kumuuliza yale maneno, atakusimulia urefu wa mnara kwa Kiswahili safi kabisa. Sasa mtoto huyohuyo msimamishe katikati ya matenga ya migebuka. Pale hana cha kushangaa: ndoo anaijua, mizani anaijua, kamba za mitumbwi amezikanyaga. Kitu pekee kigeni ni sauti yangu inayosema *la balance*, mizani, na kwa kuwa hakuna kingine kinachomnyang'anya mawazo, neno linapata pa kukaa.

Kwa hiyo kwangu ni maneno mageni, mahali pa nyumbani. Maneno yakishakuwa yao ndipo nabadilisha mahali.

Mtu makini ataniuliza: kama mwalo uko jirani, boksi la nini? Si uwapeleke kwa miguu? Nawapeleka, na nitaeleza mwishoni namna gani. Lakini siwezi kuwapeleka kila wiki, na mwalo hautulii. Ndoo niliyoifundisha asubuhi, mchana imeshakwenda mtaani Mwanga kichwani mwa mtu. Ndani ya picha, ndoo iko palepale leo, kesho na mwezi ujao, na mtoto anaanza kukumbuka neno kwa kukumbuka liko upande gani. Jambo la pili ni mwili. Kadi ya picha mezani mtoto anaitazama kwa macho tu. Ndani ya boksi inabidi ageuze shingo, azungushe kiuno, ainame aone kilicho chini ya meza. Mwanasaikolojia Mmarekani James Asher alianza kuitangaza njia ya namna hii tangu miaka ya 1960, bila kompyuta yoyote: mwalimu anaamuru kwa lugha ngeni, mwanafunzi anatii kwa mwili, na kusema kunasubiri mpaka masikio yazoee. VR inanipa amri nyingi zaidi za kutoa kuliko "simama", "kaa" na "gusa mlango".

Vifaa: anza na simu, miwani baadaye

Simu nyingi za bei nafuu madukani kwetu hazina jairoskopu, kihisi kinachoiambia simu kwamba kichwa kimegeuka. Bila hicho mtoto atageuza shingo mpaka imuume na picha itabaki ilipo. Muuzaji atakuhakikishia kwamba ipo. Usibishane naye. Fungua YouTube hapohapo kaunta, tafuta video yoyote ya nyuzi 360, yaani inayoonyesha pande zote, shika simu mbele ya uso ujizungushe taratibu. Picha ikizunguka pamoja nawe, lipa. Isipozunguka, mshukuru uondoke. Kagua pia kioo kwa makini, hasa kama simu ni ya mkono wa pili: ufa mwembamba ambao mkononi huuoni, ukiutazama kwa lenzi unakuwa Mto Malagarasi. Ukubwa wa inchi tano hadi sita unatosha. Ikizidi hapo, maboksi mengi hayaipokei.

Boksi lenyewe ni kitu rahisi. Google walitoa ramani ya boksi la kadibodi mwaka 2014. Waliacha kuliuza mwaka 2021, lakini ramani bado inapatikana bure na fundi yeyote mwenye kisu kikali na katoni ngumu anaweza kulikata. Kigumu ni lenzi: zinatakiwa mbili zinazofanana, na kwa ramani ile ya kwanza zilikuwa za kipenyo cha milimita 25 na urefu wa fokasi wa milimita 45. Usijaribu vioo vya miwani ya kusomea, vitawaumiza kichwa. Njia ya mkato ni kununua boksi la plastiki lililovunjika mkanda. Mkanda huuhitaji, na nitaeleza kwa nini nikifika kwenye afya. Tafuta lenye kigurudumu cha kusogeza lenzi zikaribiane au ziachane, maana nafasi kati ya macho ya mtoto ni ndogo kuliko ya mtu mzima.

Kama shule ina mfadhili na mmepata miwani kamili kama Meta Quest, hongereni: haina haja ya simu, na mtoto anaweza kunyoosha mkono "akashika" vitu. Ila angalieni umri. Meta walikuwa wanaanzia miaka 13. Mwaka 2023 wakashusha hadi 10, kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Wanafunzi wangu wa darasa la tatu wana miaka minane au tisa, kwa hiyo kwao hiyo miwani haipo, hata ikiletwa bure.

Simu moja na boksi moja vinatosha darasa zima. Sisemi hivyo kujifariji. Utaona hapo chini kwamba watoto walio nje ya boksi ndio wanaozungumza zaidi.

Upande wa programu, tafuta inayofungua picha ya nyuzi 360 iliyo ndani ya simu na kuigawa kioo mara mbili, jicho la kushoto na la kulia, bila kudai intaneti. Zipo nyingi za bure. Ijaribu ukiwa umezima data, ikigoma, ifute. Na picha zako ziweke kwenye kadi ya memori na nakala nyingine kwenye kompyuta. Walimu waliojenga masomo yao yote juu ya Google Expeditions waliamka tarehe 30 Juni 2021 wakakuta imefungwa. Programu zinakuja na kuondoka, faili la picha halikuombi ruhusa ya kufunguka.

Kupiga picha ya mwalo

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nisingependa uharakishe.

Kamera ya nyuzi 360 ina lenzi mbili zinazopeana migongo, inapiga pande zote kwa mkupuo mmoja. Huna haja ya kuinunua. Hapa kwetu waongoza watalii wanaopeleka wageni Gombe na Mahale wanazo. Mmoja huniazima, nami namfundisha salamu na majina ya wanyama kwa Kifaransa. Mjini kwako utampata mpiga picha za harusi au kijana wa video za muziki. Unaihitaji kwa asubuhi moja tu.

Nenda mapema, kama saa moja na nusu, jua likiwa halijapanda. Saa sita vivuli vinakuwa vyeusi na mchanga unang'aa mpaka vitu vinapotea. Jihadhari na maturubai ya bluu: chini yake samaki wanakuwa bluu, mikono ya watu bluu, nyanya zambarau. Ukitaka kufundisha rangi baadaye utapata taabu.

Weka stendi ya kamera kwenye kimo cha macho ya mtoto, sentimita 110 hadi 120 kutoka ardhini. Ukiiweka kwenye kimo chako, mtoto ataona mwalo akiwa juu kuliko alivyozoea na atahisi anaelea. Wengine hushika meza kwa hofu. Vitu unavyotaka kufundisha viwe mita moja hadi mbili kutoka kwenye kamera. Vikiwa karibu mno vinakatwa na mshono, yaani pale picha ya lenzi ya mbele inapounganishwa na ya nyuma. Ujue mshono uko upande gani, na usiweke mizani hapo.

Kisha panga. Mwaloni kuna ndoo mia. Kwenye picha yako iwepo moja. Ukimwambia mtoto *cherche le seau*, tafuta ndoo, na yeye anaziona sita, hutajua ameelewa au amebahatisha. Mimi huomba nipishwe kijinafasi pembeni mwa meza moja ya samaki na kupanga vitu vinane. *Le poisson*, samaki, juu ya meza mbele. *La balance*, mizani, upande wa kulia. *Le seau*, ndoo, chini ya meza. *La bassine*, beseni la dagaa, kushoto karibu. *La corde*, kamba, kushoto zaidi, imefungwa kwenye kigingi. *La pirogue*, mtumbwi, mbali kidogo majini. *Le filet*, nyavu, nyuma kabisa ya kamera. *Le bidon*, dumu la mawese, kulia nyuma. Ona kwamba nimepanga na mahali pia: juu, chini, kushoto, kulia, nyuma, mbali. Hayo ndiyo maneno ambayo VR inayafundisha vizuri kuliko kitabu chochote, na nitayahitaji wiki ya pili.

Omba ruhusa. Zungumza na mwenye meza, zungumza na uongozi wa mwalo, waambie picha ni ya darasani na haiendi mtandaoni, halafu kweli isiende. Watu hawapendi kupigwa picha ovyo, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hilo si suala la adabu tu. Subiri wapitao wapite. Wewe mwenyewe jifiche nyuma ya mtumbwi na ubonyeze kwa simu, la sivyo watoto watamwona Madamu amesimama katikati ya samaki na somo litaishia hapo kwa kicheko.

Ukifika nyumbani, punguza picha iwe na upana wa nukta 4096 na urefu wa 2048. Picha ya namna hii lazima upana uwe mara mbili ya urefu, na simu nyingi za kawaida hushindwa kufungua kubwa kuliko hapo.

Kiti, mlango na dirisha

Tatizo kubwa la boksi la simu ni kwamba mwalimu haoni mtoto anaona nini. Miwani ya bei mbaya inaweza kurusha picha kwenye skrini nyingine. Boksi letu haliwezi. Mtoto atakwambia "nimeiona" huku akitazama mbingu.

Dawa yake haigharimu kitu. Chukua stuli isiyo na egemeo, iweke katikati ya chumba, chora alama ya chaki chini ili isihame. Mtoto akikaa, anatazama mlango. Boksi likiwa usoni, bonyeza ile sehemu ya kurudisha picha mwanzo, ili meza ya samaki iwe sawasawa na mlango. Sasa chumba chako chote kimekuwa ramani. Kwangu mizani iko upande wa ubao, beseni na kamba upande wa dirisha, nyavu kwenye kabati la vitabu nyuma yake. Nina karatasi yenye duara na vitu vyote vinane vimeandikwa kuzunguka, nimeibandika kwenye jalada la daftari. Nikisema *où est la balance ?*, mizani iko wapi, na pua ya mtoto ikaelekea ubaoni, ameelewa. Ikienda dirishani, amebahatisha vibaya. Sihitaji kumuuliza neno lolote la Kiswahili.

Hivi ndivyo inavyokwenda. Binti wa darasa la nne, msichana mpole asiyependa kujibu mbele za watu, amekaa kwenye stuli, viwiko kifuani, boksi mikononi.

"*Où est le filet ?*"

Kichwa kinakwenda dirishani. Kinasimama kwenye beseni. Kinarudi mlangoni. Darasa kimya, maana wenzake wote wana ile karatasi ya duara na wanajua jibu.

"*Derrière toi*," anasema mwenzake, nyuma yako, kabla sijamkataza.

Miguu inakanyaga chini, stuli inalia, anazunguka mpaka analitazama kabati la vitabu. "Haa! Kumbe ziko nyuma!"

"*En français.*"

"*Le filet… derrière.*"

Inatosha. Sentensi kamili itakuja. Angalia kilichotokea kwa yule aliyemwambia: ametumia *derrière toi* kumsaidia mtu aliyekwama, si kwa sababu mwalimu amemwonyesha kidole.

Onyo moja: simu za bei nafuu huteleza. Baada ya dakika chache meza ya samaki iliyokuwa mlangoni inakuwa imesogea kuelekea ubaoni, na wewe utadhani watoto wamesahau kila kitu kwa mpigo. Kila mtoto mpya akikaa, rudisha picha mwanzo.

Somo lenyewe

Kikao cha kwanza hakina neno hata moja la Kifaransa. Kila mtoto anapewa boksi, anazunguka, anapiga kelele, anajaribu kumshika samaki, anamwona mtu anayemfahamu. Waache. Mshangao una haki yake, na usipoupa nafasi siku ya kwanza utaudai siku ya tatu katikati ya somo.

Kikao cha pili kinaanza mezani bila boksi. Naleta ndoo halisi, kamba halisi, kipande cha nyavu, dumu. Wanasikia, wanagusa, wanatii: *prends la corde*, chukua kamba, *donne le seau*, toa ndoo. Neno na kibainishi chake, yaani *le* au *la*, vinakwenda pamoja tangu siku ya kwanza, *le seau*, *la corde*; mtoto akizoea "seau" tupu, kuja kumwongezea *le* mwakani ni mateso kwenu wote. Ndipo boksi linafuata, dakika tatu kwa kila mtoto, maneno yaleyale manane. Si kumi na tano. Darasa likiwa wepesi, ongeza amri, usiongeze majina.

Usiandike maneno juu ya picha. Najua programu nyingi zinajisifu kwa kubandika lebo kila mahali. Watoto wetu wamejifunza kusoma kwa Kiswahili, ambako kila herufi inasomeka. Mwandikie *seau* kabla masikio yake hayajalishika, atasema "se-a-u" na itakuchukua muhula kulitoa. Sauti kwanza. Maandishi nayaleta baada ya wiki mbili, daftarini, wakati neno limeshakaa mdomoni.

Wiki ya pili nageuza kazi. Aliye ndani ya boksi anakuwa macho ya darasa. Naweka picha mpya ambayo wenzake hawajaiona, tuseme meza ileile lakini vitu vimehamishwa, na kila mtu nje ana karatasi tupu na penseli. Wanamuuliza: *qu'est-ce que tu vois ?*, unaona nini? Anajibu: *je vois le seau*, naona ndoo. *Où ?*, wapi? *Sur la table*, juu ya meza. Wanachora. *Et la bassine ?*, na beseni? *Sous la table*, chini ya meza. Mwishoni boksi linazunguka na kila mmoja analinganisha mchoro wake. Hapa ndipo ninapopata Kifaransa kingi kuliko saa nyingine yoyote ya wiki, kwa sababu kuna mtu mmoja anayejua na thelathini wasiojua, na Kiswahili nimekifungia nje. Atakayekitumia anafuta ubao. Wanagombana, "*non, à gauche !*", hapana, kushoto, "*à droite !*", kulia, na mimi nakaa pembeni.

Siku inayofuata hakuna boksi. "*Fermez les yeux.*" Wote wanafumba macho, wamekaa wakielekea mlango. "*Où est la corde ?*" Mikono inanyooka kuelekea dirishani, karibu yote. Anayekosea anafungua jicho moja aone wenzake, nami najifanya sijamwona. Rudia zoezi hili baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Ni dakika mbili tu, na linafanya kazi kubwa kuliko kuwarudisha kwenye boksi.

Kwa mwenye ujuzi wa kompyuta, ipo njia ya kufanya picha izungumze yenyewe. A-Frame, iliyotolewa na Mozilla mwaka 2015, ni ya bure na inafunguka kwenye kivinjari: unaandika ukurasa wa kawaida wa wavuti, a-sky inabeba picha yako ya nyuzi 360, a-sound inabeba sauti uliyorekodi, na unaweka nukta katikati ya kioo ambayo mtoto akikitazama kitu kwa sekunde moja na nusu, sauti inatoka. Inapendeza kwa mtoto anayejisomea nyumbani. Darasani siitumii sana. Sauti yangu inaweza kusubiri, kurudia na kumtania mtoto.

Macho, tumbo na mapunye

Nilisema mkanda huuhitaji. Kadibodi la Google halikuwa na mkanda. Mtoto aliyeshika boksi kwa mikono anageuka taratibu, kwa sababu mikono inageuka naye, na akijisikia vibaya analishusha mara moja bila kusubiri kufunguliwa. Aliyefungwa mkanda anarusha kichwa huku na huku, na kichefuchefu kinaanzia hapo. Jifunze dalili zake, maana watoto hawasemi wakihofia kunyang'anywa zamu: anaanza kumeza mate, anapiga miayo, kelele zinaisha ghafla, paji la uso linapata jasho. Mvue, mpe maji, mweke karibu na dirisha. Asirudi siku hiyo. Tumia picha tuli, si video inayotembea. Video iliyopigwa juu ya mtumbwi unaoyumba itakuletea kazi ya kudeki.

Kabla ya kuanza, muulize kila mtoto: "Unaona samaki mmoja au wawili?" Wawili maana yake lenzi hazijakaa sawa na macho yake. Sogeza kigurudumu. Bado wawili? Huyo atakuwa mwongozaji wa nje, na mpe kazi hiyo kwa heshima ili asione ametengwa. Ukigundua kwamba haoni vizuri hata bila boksi, waambie wazazi wake wampeleke akapimwe. Mwenye kifafa hatumii kabisa bila neno la daktari, kwa hiyo waulize wazazi mapema na kwa faragha.

Usafi hauna mjadala. Boksi linagusa uso, na macho mekundu yanapita kwa njia hiyohiyo. Wanaokumbuka mlipuko wa mwanzoni mwa 2024 hawahitaji kuhubiriwa. Mwenye macho mekundu hagusi. Kwa wengine, kila mtoto ana kitambaa chake cha kanga chenye matundu mawili, anakiweka kati ya uso na boksi, anakwenda nacho nyumbani kufua. Ukiwa na miwani ya mkanda, ongeza kofia au mtandio, kwa sababu ya mapunye. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, spirit uiache kwa plastiki ya nje.

Mambo ambayo VR haina msaada nayo ni mengi, na ni vizuri kuyajua kabla hujachaji simu. Siku za wiki, namba, saa, ndugu wa familia, hali ya moyo: imba, cheza, hesabu vijiti. Hutaona Jumanne ndani ya boksi. Vitenzi vya kwenda, kula na kulala vinafundishwa kwa kutenda. Boksi ni la vitu na mahali pake.

Paris, halafu Kibirizi yenyewe

Baada ya mwalo tumepiga jiko la nyumbani, stendi ya daladala na uwanja wa shule. Watoto wakiwa na maneno ya kutosha, nafungua picha za mitaa ya Paris kwenye Google Street View, kwenye kompyuta moja ubaoni, na sasa kibao kimegeuka: mahali ni pageni, maneno ni yao. Wanatafuta wanachokijua. *La table*, meza, nje ya mgahawa. *La voiture*, gari. *Le bateau*, boti, kwenye mto Seine. Mmoja aliuliza mbona kwenye mto hakuna anayefua, tukapata somo zima la *il n'y a pas*, hakuna.

Kisha tunashuka mwaloni kwa miguu, kundi la watoto wanane kila mmoja akiwa na mkono wa kushikwa. Kigoma tuna bahati: Uvira na Kalemie za Kongo ziko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Bujumbura ya Burundi iko kaskazini, na wafanyabiashara wanaovuka na vitenge, sabuni na mafuta wengi wamesoma kwa Kifaransa. Mwalimu wa Tanga atatafuta njia nyingine; wa Bukoba ana Warundi na Wanyarwanda wa kuwauliza.

Nenda siku moja kabla ukazungumze na muuzaji. Yule wangu ni mama wa Uvira mwenye sauti ya kusikika mpaka majini. Mpe orodha ya maneno uliyofundisha, mwombe mambo mawili tu: asijibu Kiswahili hata akikielewa, na asimsahihishe mtoto mpaka amalize. Kila mtoto apewe kitu kimoja cha kununua na hela yake mkononi. Atasalimia, *bonjour maman*, ataomba beseni la dagaa au kipande cha kamba, atauliza *c'est combien ?*, ni bei gani, atalipa. Wewe simama mbali kiasi kwamba akikutazama kuomba msaada asiuone mdomo wako. Kama namba zinamshinda, mama atamwonyesha kwa vidole, haina shida, namba hatukuja nazo.

Chagua saa ambayo boti haijafika, vinginevyo wateja wakubwa watawasukuma watoto na mama hatakuwa na muda. Na bei mtakayotajiwa lipeni bila kuomba mpunguziwe, maana yuko kazini na ninyi ndio mmemchelewesha.